Mstari Mdogo wa Mwalimu Lu

Wadogo zangu mnaoshuka Guangzhou siku hizi na begi moja na namba ya simu ya shangazi, msinicheke nikiwaambia nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu. Miaka tisa nimefanya kazi moja kwa mzee mmoja, mwaka jana macho yake yakachoka akafunga karakana, na mimi nikasema kama siyo kwa Lu basi siyo kwa mtu. Wameniita mafundi wengine watatu. Mmoja alikuja na zawadi ya chungwa kubwa lile la Kichina. Nikamwangalia, nikajiuliza huyu anataka nini hasa, nikamrudishia chungwa lake.

Ndivyo nilivyo, simwamini mtu haraka. Mji huu umenifundisha hivyo, na mara nyingi tabia hiyo imenisaidia. Leo nawaambia mara moja iliponiponza.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Wachina wana mwandiko wa brashi na wino, wanauandika kwenye karatasi laini kama ganda la kitunguu. Karatasi ile ukiitundika hivihivi inajikunja kama sambusa. Lazima ivalishwe mgongo. Unailaza kifudifudi mezani, unailowesha, unapaka gundi ya unga wa ngano, unaibandika karatasi nyingine mgongoni, unaipiga kwa brashi ngumu mpaka hewa itoke, unaipachika ukutani ikauke siku kadhaa. Ikikauka unanyoosha kingo kwa kisu, unaweka hariri pembeni, kijiti juu na kijiti chini. Hapo ndiyo inakuwa hati ya kutundika. Mimi nilikuwa mvalishaji. Mtu akiwaambia Vero wa Iringa alikuwa mwandishi wa Kichina, mwambieni anasema uongo.

Nilianzia mtaa wa Sanyuanli, ofisi ya mizigo ya mama mdogo. Kazi yangu kuandika alama za wateja kwenye mabelo. Kalamu za wino mzito zilikuwa zinaibiwa kila siku, na mwizi nilimjua kwa sura ila ushahidi sikuwa nao, basi nikanunua brashi na kopo la wino. Brashi haiibiwi, inachafua mfuko. Siku moja nainama naandika DAR kwenye belo la mashati, nahisi mtu nyuma yangu. Mzee wa Kichina, mwembamba, kandambili, mikono nyuma. Nikajua mkaguzi huyu. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia, "Mei you!" Hakuna!

"Hakuna nini?" akauliza.

"Chochote unachotaka. Hakuna."

Akacheka mpaka akashika belo. Kumbe alikuja kuomba maboksi matupu. Akaangalia ile DAR yangu kwa muda mrefu, akasema, "Mkono mzuri. Kichwa hakijafika."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kumtafuta nimwambie kichwa changu kiko wapi. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya pili, uchochoro wa nyuma ya Dengfeng, chini yake wanauza simu. Nilikwenda kugombana, nikakuta anahangaika peke yake na karatasi ndefu iliyolowa, upande mmoja unadondoka. Nikashika. Sikuachia kwa miaka tisa.

Sasa makosa. Kosa la kwanza, wiki ya pili, niliua kazi ya mteja. Wino wa kusaga kwa jiwe ukikauka umekauka, unaweza kuumwagia maji. Wino wa bei rahisi wa chupa unatoroka. Mimi nikalowesha bila kupima, herufi zote zikamwaga machozi meusi. Mwalimu Lu hakunifokea. Aliilipia karatasi ile kwa mteja, akaivalisha mgongo vizuri kabisa, akaitundika mbele ya meza yangu mwaka mzima. Nilikuwa nakula chakula cha mchana nikiitazama. Kwa hiyo, nyie: pamba nyevu kwanza, gusa kona ya herufi moja, subiri, tazama pamba. Ikiwa nyeupe endelea. Ikiwa kijivu mpigie mteja simu.

Lingine, mwezi wa tatu na wa nne msivalishe kitu. Kuta za Guangzhou zinatoa jasho miezi hiyo, sakafu inalowa kama imepigwa deki, gundi inaota ukungu. Mteja akilia, mwache alie.

Na jifunzeni kushuku kwa macho, siyo kwa mdomo. Kuna Mkongomani mmoja wa Lubumbashi, Papa Didier, mnunuzi wa vitenge na spika, rafiki yangu mpaka leo. Alikuja na hati imefungwa kwenye gazeti, anaibeba kama mtoto mchanga.

"Dada Vero, hii ni ya zamani, vraiment ya zamani. Miaka mia tatu. Nampelekea askofu wetu."

Nikaifungua. Ya kahawia, ina matundu ya wadudu kila mahali. Nikainusa. Chai.

"Papa Didier, mdudu akitoboa hati iliyoviringishwa, anatoboa raundi zote. Ukiikunjua unakuta tundu, unapiga shibiri, tundu, shibiri, tundu, yanapungua ukubwa mpaka alipochoka. Haya yako yametapakaa kama upele. Mdudu gani huyu, mlevi?"

Akaitazama hati, akanitazama mimi. "Ni mdudu wa msumari," akasema taratibu. Tulicheka. Askofu alipelekewa spika.

Basi mimi nikajiona jicho langu halikosei. Kumbukeni hapo, maana ndipo kisa kinapoanzia.

Mwaka wangu wa nne. Mwalimu Lu alikuwa na mwalimu wake, marehemu Mwalimu Fang. Wenzetu hawa, mtu akimheshimu mwandishi aliyetangulia, hamtungii sifa. Anakaa anaufuata mwandiko wake, herufi kwa herufi, mkandamizo kwa mkandamizo, mpaka mkono wake unajisahau. Mimi mwanzo nilidhani ni wizi. Nilimuuliza Lu waziwazi, "Mwalimu, hii si kughushi?" Akaniambia, "Anayeghushi anaficha mkono wake. Mimi nauazima wake, na ninasema." Sikuuliza anasema wapi. Hilo ndilo swali nililopaswa kuuliza.

Wanafunzi wa Fang waliobaki walikuwa kumi na wawili, wazee wote. Mwaka ule waliamua kufanya maonyesho ya kumkumbuka, ukumbi mmoja wa mtaa, kila mmoja alete kazi moja aliyoifuata ya mwalimu. Mlangoni kungekuwa na ubao wa karatasi wenye majina yao kumi na wawili, umeandikwa na binti wa marehemu mwenyewe, Bibi Fang, mama wa miaka sabini hivi, mgongo umenyooka kama rula. Kwa Lu kuwa kwenye ubao ule ilikuwa kila kitu. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na jina moja, mwanafunzi wa Fang.

Na mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa Bwana Kong.

Kong simpendi, niseme ukweli. Miwani ya dhahabu, gari, dereva. Anaingia karakana anapitisha kidole mezani kutazama vumbi. Mimi alinisalimu mara moja tu katika miaka minne, na ilikuwa akidhani nimekuja kuuza kitu. Wiki mbili kabla ya maonyesho alikuja, wakajifungia na Lu chumba cha nyuma, chai, saa nzima. Nilisikia sauti ya Lu inapanda, na Lu huwa hapandishi sauti. Kong alipotoka uso mwekundu, hakuaga. Nikamuuliza Lu, "Kakutukana?" Akasema, "Koroga gundi, Wei." Vero lilimshinda kutamka, aliniita Wei.

Kesho yake aliandika kazi ya maonyesho. Mistari minne ya marehemu Fang, mikubwa. Nilisimama mlangoni sikupumua. Akaniachia ikiwa haijakauka vizuri, akaenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili kwa zamu. "Sitaiona mpaka siku ya ukumbi," akasema. "Wewe ndiye macho."

Nikaivalisha mgongo. Niliivalisha kama navalisha mtoto wa ubatizo. Ilipokauka nikaitoa ukutani, nikaiweka mezani ninyooshe kingo, ndipo nikaona ukingoni kushoto mstari mdogo wa herufi za haraka, na chini yake muhuri mwekundu wa Lu. Mistari ile midogo nilishaiona kwenye kazi zake nyingi, sikuwahi kuisoma. Mimi herufi nilijifunza mwenyewe, kwenye mabango na simu. Najua punguzo, najua mlango wa dharura. Mwandiko wa haraka ulinishinda. Lakini siku ile shetani gani sijui, nikapiga picha, nikakaa na kamusi ya simu, herufi moja moja, mchana mzima. Ukasema hivi:

"Mwanafunzi Lu, mzito wa akili, ameufuata kwa heshima mwandiko wa mwalimu wake. Hajafika hata kizingitini."

Wadogo zangu, damu ilinipanda mpaka masikioni. Mzito wa akili? Lu? Nani amemwandikisha mzee wa watu maneno haya? Na mimi, mwenye jicho lisilokosea, nikajijibu hapohapo: Kong. Saa nzima ya chai. Sauti imepanda. Kong amemlazimisha ajidhalilishe mbele ya ukumbi mzima ili yeye aonekane.

Nikashika kisu. Vidole vitatu upana, juu mpaka chini. Mstari ukatoka, muhuri ukatoka. Nikajiambia muhuri wa nini, nani Guangzhou hii hajui mkono wa Lu? Kile kipande nikakitupa kwenye ndoo ya maji ya gundi, nikakikoroga kwa kijiti mpaka kikawa uji. Nilikikoroga kwa hasira. Nikaweka hariri, nikaweka vijiti. Ilipendeza kupita kazi zangu zote.

Siku ya ukumbi nilikwenda na Papa Didier, amevaa suti, anabeba maua ambayo hakuna aliyemwagiza. Lu alikuja moja kwa moja kutoka kliniki, jicho moja lina plasta. Hati kumi na mbili ukutani. Ya kwetu ilikuwa inazizidi zote, naapa. Watu wamejazana mbele yake. Nikavimba kichwa.

Kisha nikaona hawasifu. Wananong'ona.

Kong akaja, akasogeza miwani, akaangalia ukingo wa kushoto. Akaangalia tena. Akageuka.

"Lu. Mstari wako uko wapi?"

Lu akasogea na jicho lake moja.

"Hii haina jina lako, haina muhuri," Kong akasema, na sasa ukumbi wote unasikiliza. "Hii inajifanya mkono wa mwalimu mwenyewe. Umepeleka ngapi sokoni namna hii?"

Nikaanza kumsogelea. Papa Didier akanishika mkono. "Dada, tulia, si ya kwako hii."

"Ni ya kwangu kuliko unavyojua!"

Kong hakunitazama hata. Anamtazama Lu, na sauti yake, jamani, ilikuwa inatetemeka. "Wiki mbili zilizopita nilikuja kwako nikakuomba. Nikasema usijiite mzito wa akili, wewe ndiye bora wetu sote, ukijishusha hivyo sisi wengine tuandike nini? Ukanifokea. Ukasema bila mstari ule kazi ni wizi. Nikaenda nyumbani nikaona aibu, nikaandika wa kwangu upya. Na leo wewe umeuondoa kabisa?"

Nilisimama pale. Mnajua mtu akikumwagia maji ya barafu ndani ya shati? Kong ndiye aliyetaka maneno yale yatoke. Mimi nilikuwa nimemfanyia Kong kazi yake kwa kisu changu, na mwalimu wangu alikuwa ameyapigania.

Bibi Fang alikuwa amefika. Watu wakampisha. Aliitazama hati, akamtazama Lu, akauliza neno moja tu. "Nani?"

Lu alikwishaona. Kisu changu anakijua, mimi huvuta kutoka juu na mwishoni kinachepuka unywele mmoja kulia. Akaweka mikono nyuma.

"Karakana ni yangu," akasema. "Kisu ni changu."

Bibi Fang hakubishana. Akaenda mlangoni, akaomba karatasi nyeupe na gundi, na mbele yetu akalifunika jina la Lu. Yalikuwa kumi na mawili, yakabaki kumi na moja. Lu aliangalia hadi mwisho.

Hapo nikapiga kelele. Kichina changu kikikasirika kinakuwa cha sokoni, laoban huku laoban kule, yaani bosi, lakini nilisema yote. Nimekata mimi. Nilisoma, nikaona matusi, nikamshuku huyu hapa mwenye miwani, nikakata. Lu hakujua, alikuwa hospitali.

Kong akatoa tabasamu dogo, la huzuni. "Anasoma mwandiko wa haraka, huyu? Mzee amemfundisha aseme."

Mnaona? Nilimshuku mtu bila sababu, na siku ninayosema kweli nashukiwa mimi. Na yeye alikuwa na sababu kunizidi.

Nikamsomea Bibi Fang mstari ule kwa kichwa, neno kwa neno. Ulikuwa umenichoma, nisingeusahau. Papa Didier akaongeza, kwa Kichina chake cha bei na saizi, "Yeye kichwa moto. Lakini yeye si mwongo." Bibi Fang akanitazama mikono, vidole vina gundi kavu mpaka kwenye kucha.

"Siku saba," akasema. "Rudisheni mstari. Nataka nione palipokatwa. Msipafiche."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kupita zote. Sisi wavalishaji sifa yetu ni kuficha kiungo. Safari hii niliilowesha hati yote, nikavua hariri, nikavua mgongo niliouweka mwenyewe, nikaunga kipande kipya kushoto, cha rangi nyeupe zaidi, kiungo kikionekana wazi kama kovu. Lu akavuta kiti, jicho moja, akaandika mstari wake upya. Mzito wa akili, vilevile. Muhuri. Kisha akanisukumia brashi.

"Kuna nafasi chini. Sema ulichofanya."

"Mimi si mwandishi, Mwalimu."

"Ndiyo. Sema."

Nilijaribu kwenye magazeti siku tatu. Siku ya nne niliandika pale, herufi ndogo kama punje za mtama: Wei, mvalishaji wa Lu, alikata hapa kwa kutojua. Basi.

Siku ya sita anaingia nani? Kong. Hakutumwa, amekuja kuhakikisha. Nikasimama mbele ya meza. Akanizunguka, akavua miwani, akainama mpaka pua inagusa.

"Herufi ya nne inachechemea," akasema.

"Na wewe ungechechemea!"

Lu akakohoa. Nikanyamaza. Kong akavaa miwani, akaenda, lakini mlangoni aliniaga. Kwa jina.

Siku ya saba tukapeleka. Bibi Fang aliitundika mwenyewe, akasoma mistari minne ya baba yake, akasoma mstari wa Lu, akasogea akasoma wa kwangu. Alirudia wa kwangu mara mbili. Sikujua anawaza nini na sikuthubutu kubahatisha, bahati yangu niliimaliza. Halafu akanigeukia, akanyoosha kidole mlangoni, kwenye ile karatasi nyeupe.

"Mimi nimelifunika. Wewe ndiye fundi, lifunue. Jina la chini likichanika, siandiki tena."

Gundi yake ilikuwa na wiki nzima, imekamata. Niliomba maji ya uvuguvugu, pamba, na kipande cha mwanzi. Nikalowesha, nikangoja. Nikalowesha tena. Ukivuta kabla ya wakati wake unang'oa na wino. Wazee wote wamesimama nyuma yangu, napumuliwa shingoni. Nusu saa hivi. Bakuli halikuwa na pa kuwekwa, nikalinyoosha nyuma bila kuangalia, mtu akalipokea. Kona ikainuka. Nikaingiza mwanzi taratibu, ukatoka mchoro wa kwanza wa jina, mweusi, mzima. Ukaja wa pili.

Nikageuka nichovye pamba, nikaona aliyeshika bakuli ni Kong, mikono yote miwili, maji yanamwagikia kwenye mkono wa koti.

"Shika sawa, Bwana Kong," nikamwambia. "Bado nusu ya jina."

Akashika sawa.